Mlango wa Mbele

Maji ya Tana huja bila mvua. Watu wa mbali hawaelewi hilo mpaka walione. Kwetu jua linawaka, vumbi linaruka, nawe unaona mto unapanda kingo kwa sababu mvua imenyesha huko bara. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa yaya katika nyumba ya Mzungu mmoja aliyesimamia barabara na kivuko upande wa Garsen.

Nilikuwa msichana wa Kipokomo kutoka kijiji cha karibu na Wema, nimesoma madarasa machache tu, na baba alinipeleka kazini kwa sababu mpunga ulikuwa umeharibika misimu miwili mfululizo. Nyumba ile ilijengwa juu ya mwinuko, njia ya kwenda Minjila. Ilikuwa na paa la bati, nguzo fupi chini ya sakafu, na baraza lililofungwa wavu wa mbu. Mlango wa mbele ulitazama barazani. Sisi watumishi hatukuupita. Hakuna aliyenikataza, ila siku ya kwanza mpishi alinishika bega nilipoelekea huko, akanizungusha nyumba nzima hadi mlango wa jikoni. Tangu siku hiyo miguu yangu ilijua yenyewe.

Mpishi alikuwa mzee wa Kipini. Nilimwita ami, kama wanavyoitana watu wa pwani. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, na nikizungumza naye nilijisikia kama mtu anayetembea na viatu visivyomwenea, maana kwetu Kiswahili tulikiokota sokoni. Aliniita "we mtoto wa mtoni". Alikuwa na kikombe chake cha bati kilichoning'inia kwenye msumari, na mimi sikuruhusiwa kukigusa. Wafugaji Waorma waliopita na ng'ombe aliwaita Wagala, jina ambalo wenyewe hawalipendi, na hata maji ya kunywa aliwapa kwa kuyamimina viganjani mwao kutoka juu. Hivyo nyumba ile ilikuwa na ngazi. Memsahibu, mke wa Mzungu yule, juu, ami katikati, mimi chini yake, na chini yangu watu wa ng'ombe. Kwetu nako baba alitulea tukiwaogopa Waorma kwa ajili ya magomvi ya mashamba na njia za kupeleka mifugo mtoni. Sikuona ajabu yoyote katika ngazi ile. Nilidhani dunia imeumbwa hivyo.

Tena memsahibu alikuwa mtu mwema. Lazima niseme hivyo, la sivyo nitakuwa nasema uongo. Alinipa magauni yake ya zamani. Nilipougua homa alinipa dawa kwa mkono wake. Binti yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusema maneno mengi, alilala mgongoni kwangu kila mchana, na memsahibu alikuwa akitutazama na kutabasamu. Kiswahili alichozungumza kilikuwa kile cha Wazungu na watumishi wao, "wewe iko wapi" na "mimi hapana taka", na ami alimjibu vivyo hivyo. Mzee yule aliyeweza kupanga maneno kama anayepanga shanga, alisimama mbele yake akasema, "Chakula iko tayari, memsahibu." Nikamwuliza kwa nini anajivunjia lugha yake. Alisema akizungumza vizuri memsahibu hukunja uso, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kisichokuwa cha mtumishi kuwa nacho.

Bwana alivuka ng'ambo kwenda kutazama barabara, na siku mbili baadaye mto ukafurika nyuma yake. Kivuko kilikatika kamba. Alikuwa amemwachia mkewe bastola ndogo, kwa kuwa ilikuwa miaka ya vita vya msituni huko bara, na Wazungu walikuwa wameanza kututazama hata sisi wa mtoni, tusiojua lolote, kama watu wanaoficha panga. Memsahibu aliiweka katika mfuko wa aproni. Nilipombeba mtoto karibu naye, niliona umbo la bastola kupitia kitambaa.

Asubuhi moja niliamka nikaona nyasi za chini zimepotea. Jioni yake kibanda chetu cha makuti, kilichokuwa mteremkoni, kiliingia maji. Tukahamia jikoni, jengo la peke yake nyuma ya nyumba. Maji yakatufuata. Hapo memsahibu alituonyesha stoo iliyoshikana na ukuta wa nyuma, mahali bwana alipoweka kamba, mapipa ya lami na magunia ya saruji. Haikuwa na dirisha. Iliingia joto la bati mchana kutwa, na nge walikuwa wamepanda huko kabla yetu. Kulikuwa na mlango wa kuingia ndani ya nyumba kutoka stoo, na kila jua likitua nilisikia memsahibu akiufunga kwa ufunguo kutoka upande wake. Mlango wa nje haukuwa na maana ya kufunguliwa; nje kulikuwa na maji tu, na mamba tuliwaona wakipita mahali nilipokuwa nikianika nguo.

Nimefungiwa mara nyingine maishani, kwa ugonjwa na kwa njaa, lakini sijapata kusahau ule mwanya kati ya kuta mbili. Mtoto alikuwa akilia upande wa pili akiniita. Kuta zilikuwa za mbao nyembamba, nikasikia mama yake anambembeleza, naye hataki, ananitaka mimi. Mchana nilikuwa mgongo wake na kitanda chake. Jua likitua nilikuwa mtu wa kufungiwa. Nilikaa juu ya gunia la saruji nikajaribu kuelewa ni kitu gani kilichobadilika ndani yangu kati ya saa kumi na moja na saa moja, nisikipate. Ami alikuwa ameleta kikombe chake, akakining'iniza kwenye msumari wa stoo.

Kisha wakaja wale wanawake wawili. Mtu wa kwetu mwenye mtumbwi aliwaleta mapema mchana, mama mkwe na mkamwana, Waorma ambao boma lao lilikuwa limezama. Yule kijana tumbo lake lilikuwa limeshuka, na kila alipopiga hatua alishika nguzo. Mwenye mtumbwi alisema hawezi kuwafikisha hospitali, mkondo ni mkali, na kuna watu wengine juu ya miti wanamngoja. Akawashusha kwenye ngazi ya baraza akaenda zake. Hatukumwona tena mpaka maji yaliposhuka.

Memsahibu aliwatazama kupitia wavu. Hakuwa na uso wa chuki. Alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa hesabu asiyoijua. Alisema hapa hapana hospitali. Mama mkwe, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili cha kuokoteza kama changu, alimjibu kwamba hataki hospitali, anataka mahali pakavu tu. Memsahibu akafikiri, kisha akanyoosha kidole nyuma ya nyumba. "Stoo," alisema. "Wote ngoja stoo. Maji tashuka."

Tukawa watu wanne katika chumba kile. Mkamwana alilala juu ya magunia. Nilimwogopa mwanzoni. Nilikuwa sijawahi kukaa na Muorma karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Alikuwa na umri wangu, au alinizidi kidogo, na uchungu ulipomjia alinishika mkono kwa sababu mkono wangu ndio uliokuwa karibu. Alinishika hivyo hivyo kila mara, hata mkono ukafa ganzi, na hofu yangu ikaisha bila mimi kuiona ikiondoka.

Maji yaliingia stoo alasiri. Yalipita chini ya mlango kwanza kama mtu amemwaga ndoo, kisha yakawa ya vifundo, kisha ya magoti. Magunia ya chini yakalowa, na mama mkwe akamshika mkamwana chini ya makwapa ili asiteleze. Ami aligonga mlango wa ndani. Memsahibu aliuliza nini. Ami akasema kwa lugha yao, "Maji naingia, memsahibu. Mwanamke nazaa." Sauti ya memsahibu ikatoka, nyembamba, kwamba bwana hayupo, kwamba yeye hawezi, kwamba tungoje kidogo.

Sijui ami alifikiri nini. Alibaki amekitazama kile kikombe ukutani, akakitoa msumarini, akachota maji safi katika mtungi wetu, akampa mkamwana anywe. Alimshikia kikombe mdomoni mwenyewe. Halafu akafungua mlango wa nje, akashuka katika maji yaliyomfika kiunoni, akazunguka nyumba kwa kushikilia ukuta. Mimi nikamfuata, kwa kuwa niliogopa kubaki kuliko kwenda.

Alipanda ngazi za baraza, akasukuma mlango wa wavu, akasimama mbele ya mlango wa mbele. Memsahibu alikuwa upande wa pili, nyuma ya kioo, amempakata mtoto kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa mfukoni mwa aproni. Ami hakuinua sauti. Kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile, alizungumza naye kwa Kiswahili chake chenyewe.

"Memsahibu, nimekupikia tangu mtoto huyu hajazaliwa. Wanijua. Kule nyuma kuna mwanamke anazaa ndani ya maji. Mimi sijiombei nafasi. Nitakaa hapa nje na mbu wako. Lakini yeye ataingia ndani, na ataingia kwa mlango huu, kwa kuwa hakuna mwingine usio na maji. Sitauvunja. Nikiuvunja mtasema mpishi amevunja nyumba. Utaufungua wewe, kwa mkono wako, au utakaa humo ukiwa na ufunguo na kumsikia."

Mkono haukutoka mfukoni. Nilitazama kitambaa cha aproni, nikafikiri, sasa. Nilifikiri pia kwamba kama ami angeondoka pale, mimi ningebaki, na wazo hilo lilinishangaza, maana sikujijua kuwa mtu wa namna hiyo. Mtoto aliniona, akanyoosha mikono. Memsahibu alimweka chini. Kisha mkono ukatoka mfukoni, na kilichokuwamo mkononi ni ufunguo. Bastola, nilikuja kuiona baadaye, siku hiyo ilikuwa juu ya kabati.

Tulimpitisha mkamwana katika maji kwa kumbeba, mimi na ami na mama mkwe, tukamlaza sebuleni juu ya zulia, na ami akarudi barazani. Memsahibu alileta mashuka. Akachemsha maji kwenye jiko la mafuta. Mama mkwe ndiye aliyezalisha, mimi nikishika goti moja, na pale ilipokuwa ngumu sana, alimwashiria memsahibu akae nyuma amwegemeze. Alikaa. Mzungu yule alikaa chini, gauni limelowa, amemkumbatia Muorma kwa nyuma, jasho la yule likimtiririkia shingoni, na alikuwa akimwambia maneno ya kwao ambayo yule hakuyaelewa. Mtoto alizaliwa kabla jua halijatua. Wa kiume. Memsahibu alilia. Akaenda kufungua mlango wa baraza, akamwambia ami aingie.

Siku zilizofuata sote tulikaa katika sebule moja. Sikumbuki zilikuwa ngapi. Tulikula wali na kambare ambaye ami alimvua kutoka kwenye ngazi, na memsahibu alikula pamoja nasi chini. Nisingependa kuzipamba siku hizo. Tulinuka, mbu walitumaliza, na kila asubuhi tulitazama nje tukiona maji yale yale ya rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa tumezingirwa. Lakini ami alikaa kwenye kiti, na memsahibu alimuuliza kuhusu Kipini, naye akamsimulia kwa Kiswahili kizuri, polepole, naye akasikiliza bila kukunja uso. Aliuliza neno moja moja. Nilidhani jambo limekwisha. Nilidhani ngazi ile imechukuliwa na maji.

Bwana alikuja na mashua ya serikali, pamoja na askari. Nilimwona akipanda baraza, akisimama mlangoni. Alitazama zulia lake, wale wanawake, nguo za mtoto mchanga zilizoanikwa juu ya redio, na ami aliyekuwa ameketi na kikombe cha chai. Ami alisimama haraka. Hilo la kusimama haraka linaniuma hata leo. Bwana alimuuliza mkewe kwa Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha kuimbia mtoto, lakini kilitosha. Memsahibu alimtazama mumewe, akamtazama askari, akasema kwamba tuliingia, na yeye hakuweza kutuzuia.

Hakusema uongo mkubwa. Alisema nusu tu, na nusu ile ikatosha kumfunga mtu. Katika miaka ile, mpishi mweusi aliyesemekana kumlazimisha Mzungu wa kike peke yake nyumbani hakuulizwa mengi. Askari alimshika ami mkono. Nikasema kwamba memsahibu alifungua mlango mwenyewe. Bwana alinijibu bila kunitazama.

"Hapana mtu nauliza wewe."

Mama mkwe naye alisema, kwa maneno yake machache, kwamba mzee huyo hakumpiga mtu. Hakuna aliyegeuka. Ami aliingia mashuani, akashika kiti cha mbele asianguke, wanawake wakapakiwa nyuma yake na mtoto wao, na mashua ikaenda upande wa Garsen. Mimi niliachwa. Maji yalikuwa yameshuka kidogo, stoo ilikuwa tope tupu, na nikaambiwa niifagie nilale humo. Ufunguo ukageuzwa tena.

Nilifanya kazi bila kusema. Nilimwogesha mtoto, nilipika nilichoweza. Baada ya siku kadhaa memsahibu alinifuata ninapofua, akauliza, "Wewe nakasirika?" Nilikuwa nimezoea kujibu hapana, memsahibu. Safari hii niliinuka. Nilimwambia, kwa kile Kiswahili chake cha kuvunjika ili asiseme hakuelewa, kwamba ami yuko kifungoni kwa sababu yake, na kwamba mlango aliufungua yeye, na mtoto wa watu alizaliwa mikononi mwake. Nikamwambia kuwa yeye ni mwema kwangu kila siku, na wema wake haumtoi ami alipo. Alibaki amesimama na mikono kifuani. Nilingoja kufukuzwa, na katika kungoja kule nilitamani nifukuzwe, lakini ningekwenda wapi? Mashamba ya baba yalikuwa chini ya maji.

Hakunifukuza. Wakati wa chakula nilisikia sauti zao mezani, ya memsahibu ikipanda, ya bwana ikishuka. Asubuhi yake walikwenda Garsen kwa mashua, hawasemezani. Niliyoyajua ya huko nilisimuliwa na ami, alipokuja kuchukua vitu vyake. Alisema memsahibu alisimama mbele ya bwana shauri, afisa wa serikali aliyesikiliza kesi, mumewe kando, akatamka kwamba hakutishwa na mtu, kwamba alifungua mlango kwa mkono wake, na kwamba alichosema mwanzo hakikuwa kweli. Mumewe alitoka nje kabla hajamaliza. Ami akaachiliwa siku hiyo. Hakuna aliyemwambia pole, na bwana hakumrudisha kazini.

"Alisema kweli, na kweli ilimgharimu," ami aliniambia. "Siwezi kumnyima hilo. Ila hakunitazama, mwanangu. Alisema yote akitazama meza."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Maji yalipoisha kabisa nilipewa ruhusa kwenda nyumbani kuona waliosalia. Nikiwa huko, mama mkwe yule alikuja. Alikuwa ameuliza njia mpaka akanipata, na alibeba kibuyu cha maziwa. Baba alimsimamisha nje ya ua. Alimwambia kwa heshima yote kwamba aseme anachotaka hapo hapo alipo. Nilisikia sauti ile ya heshima nikaitambua. Nilikuwa nimeisikia ikitoka nyuma ya wavu wa mbu. Nikatoka, nikamshika yule mama mkono, nikapita naye mbele ya baba hadi kwenye mkeka wa mama. Baba alichukua jembe lake akaenda shamba ambalo halikuwa na kitu cha kulimwa. Hakunisemesha mpaka nilipoondoka. Mama yangu alikunywa maziwa, akauliza mtoto anaendeleaje, wakaongea mpaka jua likapinda.

Tangu hapo nimesikia watu wakisema kwamba wao hawana ubaguzi, kwa sababu hawamchukii mtu. Nawaamini. Memsahibu hakumchukia mtu, wala baba. Kilichonitesa mimi kule stoo hakikuwa chuki ya mtu yeyote. Ulikuwa mlango, na watu wema kila upande waliokuwa wamezoea kuuona umefungwa. Anayeupinga ubaguzi nimemjua kwa jambo moja tu: hufungua mlango wakati wenye nguvu wanamtazama, na husema ameufungua.

Nilirudi kazini, kwa kuwa njaa ilikuwa kali mwaka ule na nyumbani walinitegemea. Mpishi mpya alikuja, akazungushwa nyuma ya nyumba kama mimi nilivyozungushwa. Wavu ukashonwa, zulia likasuguliwa. Memsahibu hakuwa tena mtu wa kutabasamu. Alizunguka ndani ya nyumba ile kama naye amefungiwa, na nadhani alikuwa amefungiwa, maana bwana alikaa naye kama mgeni asiyemtaka. Siku moja aliniuliza, kwa uchungu, ninataka nini tena kwake, na yeye alikwenda akasema kweli. Nilimwambia nataka kupita mlango wa mbele.

Akasema, "Bwana kama hapana hapa, wewe pita."

Nilimshukuru. Nikamwambia nitaendelea na wa nyuma, mpaka siku bwana atakapokuwa ameketi barazani na yeye mwenyewe akanifungulia. Hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa urefu wa safari. Tulikaa hivyo, mimi na yeye, karibu mwaka mzima, tukijua sote wawili ni siku gani tunayoingoja. Bwana akapata uhamisho kabla haijafika. Walipopakia vitu kwenye lori, mtoto aling'ang'ania shingo yangu mpaka bwana akamtoa kwa nguvu, na mimi nikachukua kanga zangu nikashika njia ya Wema kwa miguu.